Mji Ukuao na Gharama Zake



Jioni hii twapenda kunena nanyi juu ya jambo ambalo kwa sura yake laonekana kavu, maana ni jambo la hesabu na la sheria za mji. Walakini ndani yake mna swali ambalo kila mwenye kujenga nyumba, na kila mwenye kupanga chumba, hana budi kukutana nalo siku moja. Swali ni hili: mji unapokua, na watu wapya wanapokuja kujenga, ni nani apasaye kulipa gharama ya barabara, ya maji, ya mifereji na ya shule ambazo watu hao watazihitaji? Je, ni wao wenyewe wajao, au ni wale waliotangulia, au ni wote pamoja?

Tutalitazama swali hili zaidi katika nchi ya Marekani. Si kwamba watu wa huko wana akili kuliko watu wengine, bali huko ndiko jambo hili lilikojaribiwa kwa miaka mingi, likapelekwa mbele ya majaji mara kwa mara, na hukumu zake zikaandikwa, hata mtu aliye mbali aweza kufuata nyayo zake hatua kwa hatua.

Na tuanze na kisima. Tufikiri kijiji chenye nyumba ishirini. Wenyeji wamechimba kisima kwa jasho lao, wakakijengea ukingo wa mawe, na maji yake yawatosha, wala hayazidi. Wakaja watu wa nyumba tano nyingine, watu wema, wakapewa mahali pa kujenga. Kiangazi kilipofika, kisima kikawa kinakauka saa nne asubuhi. Hapo maneno yakaanza. Wenyeji wakasema, "Sisi tulichimba, na hawa wanakunywa." Wageni wakajibu, "Maji ni ya Mungu, na mahali hapa mlitupa ninyi wenyewe." Kila upande una haki yake. Mzee mwenye busara hatawaambia wageni, "Chimbeni kisima kipya cha kututosha sote, na ukingo wetu wa zamani uliobomoka mtutengenezee pia." Wala hatawaambia wenyeji, "Chimbeni ninyi tena, hawa ni wageni wenu siku zote." Atapima ni kiasi gani cha uhaba kilicholetwa na nyumba zile tano, naye atawatoza wageni kiasi hicho, na kama kisima hakikuchimbwa, atawarudishia mali yao. Maneno hayo machache ndiyo sheria yote tutakayoieleza leo. Yaliyosalia ni habari za namna wanadamu walivyojaribu kuikwepa.

Huko Marekani ada ya namna hii huitwa kwa jina ambalo maana yake ni ada ya athari, kwa kuwa hupimwa kwa athari ambayo nyumba mpya italeta katika mambo ya umma. Hutozwa na baraza la mji au la wilaya, tena mara moja tu, wakati mtu apatapo ruhusa ya kujenga au nyumba yake ikiwa tayari. Si kodi ya kila mwaka, wala si bei ya kazi ya karani aandikaye kibali. Fedha zake ni za kujengea kitu kipya: kupanua njia, kuongeza tangi la maji, kujenga darasa. Haifai kulipa mshahara wa polisi kwa fedha hizo, wala kuziba mashimo ya barabara ya zamani.

Kabla ya ada hii palikuwa na desturi nyingine. Mtu aliyenunua shamba na kulikata viwanja alitakiwa atengeneze mwenyewe njia zilizo ndani ya viwanja vile, alaze mabomba, na pengine atoe kipande cha ardhi kwa shule au kwa bustani ya watu wote. Baada ya vita ya 1939 hata 1945 miji ya Marekani ilipotambaa mashambani kwa upesi mno, watu waliona ya kuwa desturi ile haitoshi. Mwenye kujenga nyumba mia tano amezitengenezea njia nzuri ndani ya mpaka wake, lakini magari ya nyumba hizo hayaishii mpakani. Yatoka, yaingia katika barabara kuu iliyo maili mbili mbali, na huko ndiko yakutanapo na kusimama. Maji nayo hutoka katika tangi lililo juu ya kilima, ambalo si la mjenzi. Hapo ndipo mabaraza ya miji yalipoanza kudai fedha badala ya ardhi.

Mwaka wa 1976 shauri moja lilifika mbele ya Mahakama Kuu ya jimbo la Florida. Mji mdogo wa Dunedin, ulio katika pwani ya magharibi ya jimbo hilo, ulikuwa ukiwatoza wajenzi ada ya kuungia nyumba mpya katika bomba la maji na katika mifereji ya maji machafu, nayo ilipita gharama ya kuunga kwenyewe, maana ilikusudiwa kusaidia kupanua mitambo ya mji. Chama cha wajenzi wa wilaya ya Pinellas kikashitaki, kikisema ya kuwa hiyo si ada bali ni kodi iliyovaa nguo ya ada. Majaji walijibu kwa namna ambayo kila upande ulirudi nyumbani nusu ukicheka, nusu ukinuna. Walisema si vibaya mji kumtaka mgeni atoe fungu lake la haki katika gharama za upanuzi ambao kuja kwake ndiko kulikouleta. Walakini waliitangua amri ile ya Dunedin kama ilivyokuwa, kwa sababu haikuzifunga fedha zile kwa kazi ya upanuzi peke yake. Kwa maneno mengine, mji ulikuwa na haki ya kuomba, lakini ulisahau kutia kufuli katika sanduku.

Mwaka wa 1983 mahakama nyingine ya Florida, ikihukumu juu ya ada ya barabara katika wilaya ya Palm Beach, ilitia nguvu mafundisho hayo: lazima haja ya kupanua itokane na wageni, na lazima faida ya fedha zao iwarudie wageni hao. Jimbo la Texas likatunga sheria yake juu ya ada hizi mwaka wa 1987, likiwa jimbo la kwanza kufanya hivyo, na majimbo mengi yakafuata.

Sasa mtuwie radhi, maana sisi walimu hatuwezi kuliacha jambo bila hesabu. Wahandisi wa barabara wa huko wamehesabu magari kwa miaka mingi, wakaona ya kuwa nyumba moja ya kawaida iliyosimama peke yake huwa na safari 9 au 10 za magari kwa siku ya kazi. Kutoka ni safari moja na kurudi ni safari ya pili. Na aletaye barua au mzigo huhesabiwa vile vile, kuja kwake na kwenda kwake. Basi tuseme barabara fulani yataka kupanuliwa, na gharama yake ni dola 6,000,000, na nyumba mpya zitakazojengwa upande ule ni 2,000. Mtu mwenye haraka atagawanya, apate dola 3,000 kwa kila nyumba, aende zake. Lakini amedhulumu. Tuseme wahandisi wamepima wakaona ya kuwa theluthi moja ya msongamano ilikuwapo kabla mgeni hata mmoja hajaja. Theluthi ile, yaani dola 2,000,000, ni deni la wenyeji, wageni hawakulifanya. Imebaki 4,000,000, nayo ikigawanywa kwa nyumba 2,000 ni dola 2,000 kila moja. Tena hesabu haijaisha. Mgeni akiisha kukaa atalipa kodi ya nyumba kila mwaka kama watu wengine, na kama sehemu ya kodi ile italipa mkopo wa barabara ile ile, hana budi kupunguziwa katika ada, asije akanunua kitu kimoja mara mbili.

Tumekaa katika hesabu hii kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo dhuluma ijifichapo. Haiji kwa sauti kubwa. Huja katika safu ya tarakimu ambayo watu wachache huwa na subira ya kuisoma.

Na mahali ambapo jambo hili lilikuwa kubwa kuliko pengine popote ni jimbo la California. Tarehe 6 Juni, 1978, wapiga kura wa huko walikubali badiliko la katiba ya jimbo lililojulikana kwa jina la Pendekezo la 13. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi ya nyumba iliyopanda kila thamani ya ardhi ilipopanda, na wazee wengi waliogopa kufukuzwa na kodi katika nyumba ambazo walikwisha kuzilipia. Kilio hicho kilikuwa cha kweli. Pendekezo lile liliifunga kodi isizidi asilimia 1 ya thamani ya nyumba, na thamani hiyo isiongezwe kuliko asilimia 2 kwa mwaka maadamu nyumba haijauzwa. Ikiuzwa, huhesabiwa upya kwa bei ya siku ile.

Fikirini yaliyotokea. Nyumba mbili zimesimama ubavu kwa ubavu, zina vyumba sawasawa, na mti mmoja wa kivuli kati yao. Mwenye nyumba ya kwanza aliinunua zamani, na kodi yake ni ndogo. Wa pili ameinunua juzi, na kodi yake ni mara nyingi ya ile ya jirani, ingawa lori la taka ni lile lile. Mabaraza ya miji nayo, yakiisha kupungukiwa na kodi, yalitafuta fedha mahali pengine, na mahali palipokuwa wazi ni kwa yule ajaye kujenga. Basi mgeni akalipa ada kwa sababu kodi ya wenyeji ilikuwa haitoshi, kisha akalipa kodi kubwa kuliko wenyeji kwa sababu alichelewa kuja. Nasi twasema wazi ya kuwa jambo hili halikuwa bahati mbaya tu. Mwenyeji ana kura katika baraza la mji. Mtu ambaye bado hajahamia hana kura, hata jina lake halijulikani. Ni rahisi sana kumtoza mtu asiyekuwapo.

Wataalamu wa chuo kikuu cha California kilicho Berkeley walichunguza miji saba ya jimbo hilo, na mwaka wa 2018 wakatoa habari ya kwamba ada zote pamoja zilikuwa kati ya asilimia 6 na asilimia 18 ya bei ya nyumba ya wastani, kwa kadiri ya mji. Asilimia 18 ni karibu moja ya tano.

Haki yataka tuseme pia ya kuwa California haikuacha mambo yaende ovyo. Sheria ya mwaka 1987 inalitaka kila baraza litoze kwa kutaja kusudi la ada, na kazi itakayofanywa, na uhusiano ulio kati ya kazi hiyo na nyumba mpya. Fedha hazina budi kuwekwa katika hesabu yake peke yake, na kila baada ya miaka mitano baraza lieleze juu ya fedha zilizosalia, la sivyo zirudishwe. Ni ile kufuli iliyokosekana Dunedin.

Tuliwapa wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu hesabu ile ya dola 6,000,000, kisha tukawaachia wajadiliane. Darasa likagawanyika mara moja, na tukaona ya kuwa wale ambao wazazi wao wana nyumba mjini walikaa upande mmoja, na wale waliopanga walikaa upande wa pili, ingawa hakuna aliyewaambia wagawanyike hivyo. Upande wa wenye nyumba walisema kwa nguvu, "Mgeni na alipe." Msichana mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akasimama, akasema, "Bwana Mwalimu, mimi nina wadogo zangu watatu. Nyumba ya baba ni moja. Wakioa na kuolewa, watajenga mji ule ule waliozaliwa. Je, nao wataitwa wageni?" Darasa lilinyamaza, na sisi mwalimu wao tulinyamaza pamoja nao, maana hatukuwa tumefikiri hivyo. Katika mifano yetu yote tulikuwa tumemchora mgeni kama mtu atokaye mbali na mizigo yake kichwani. Kumbe aghalabu "mjenzi mpya" ni mtoto wa mwenyeji aliyekua.

Watu huuliza, Je, si mjenzi tajiri alipaye ada? Yeye hutoa fedha mkononi mwake, ndiyo, lakini si lazima ziwe zake. Ikiwa ada imetangazwa mapema, mjenzi huipunguza katika bei anayompa mwenye shamba, na hivyo mwenye shamba ndiye aliyeilipa. Ikiwa imemjia ghafula akiisha kununua shamba, itamkata mjenzi mwenyewe. Na ikiwa nyumba ni haba na watu wanagombania, mnunuzi ndiye atakayeibeba, ama mpangaji, mwezi kwa mwezi, bila kujua jina lake. Kwa hiyo baraza libadililo ada zake kila mara hufanya madhara kuliko baraza litozalo ada kubwa iliyo wazi.

Tena kuna namna ya kupima. Miji mingi ilitoza kila nyumba sawasawa, kubwa kwa ndogo. Basi mwenye vyumba viwili vya chini alilipa kama mwenye jumba, na wajenzi wakaona heri kujenga majumba. Sheria ya California ya mwaka 2021 imeyataka mabaraza, yanapofanya uchunguzi mpya, yapime ada za nyumba za kukaa kwa ukubwa wa nyumba, isipokuwa yakieleza sababu ya kufanya vingine.

Katika Uingereza kuna ada iliyo jamaa ya hii, iliyoanza kutumika mwaka 2010. Mji wa London ulianza kutoza ada yake mwaka 2012 ili kusaidia gharama ya njia mpya ya reli ipitayo chini ya mji, nayo ilifunguliwa mwezi wa Mei, 2022.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya ng'ambo tu. Waliopata viwanja Dar es Salaam katika mradi wa viwanja 20,000, ulioanzishwa mwaka 2002, walilipa bei ambayo ndani yake mlikuwa na fidia ya wenye mashamba, na kazi ya kupima, na kufungua njia. Jina la ada halikutajwa, lakini roho yake ni ile ile: mwenye kiwanja kipya alipie kupanuka kwa mji. Njia zilifunguliwa kweli, na viwanja vikapimwa vizuri. Lakini katika sehemu nyingi maji na umeme vilichelewa nyuma ya watu, na mwenye nyumba alichimba kisima chake mwenyewe baada ya kulipa bei ya mjini.

Turudi Marekani, kwa majaji, maana neno lao la karibuni ndilo lililotufanya tuchague mada hii. Mwaka wa 1987 Mahakama Kuu ya nchi nzima ilihukumu shauri la watu wa California waliotaka kujenga nyumba kubwa pwani mahali pa kibanda kidogo, wakaambiwa hawatapata ruhusa ila wakiacha watu wapite ufukoni mwao. Majaji wakasema sharti liwe na uhusiano wa kweli na madhara ya jengo. Mwaka wa 1994, katika shauri la mwenye duka wa mji wa Tigard, jimbo la Oregon, aliyetakiwa atoe ardhi yake kwa ajili ya mfereji wa mafuriko na njia ya baiskeli, wakaongeza ya kuwa uhusiano peke yake hautoshi. Lazima kidaiwacho kikaribiane kwa kipimo na madhara yenyewe. Mwaka wa 2013 wakasema kanuni hiyo ni ya fedha kama ilivyo ya ardhi.

Ndipo likaja shauri la wilaya ya El Dorado, California. Mtu mmoja alitaka kusimamisha nyumba ndogo iliyotengenezwa kiwandani katika kiwanja chake. Wilaya ikamdai dola 23,420 kwa ajili ya barabara. Kiasi hicho hakikupimwa kwa nyumba yake. Kilisomwa katika orodha iliyotungwa na baraza kwa aina ya jengo na mahali lilipo. Alilipa ili apate kibali, huku akipinga, kisha akashitaki. Mahakama za California zilimwambia ya kuwa kanuni za majaji zawahusu maofisa wanaomtolea mtu mmoja sharti lake, wala si baraza lililotunga amri kwa watu wote. Tarehe 12 Aprili, 2024, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa maneno hayo, na majaji wote tisa walikuwa na neno moja: ada haiponi kupimwa kwa sababu tu imetungwa na baraza.

Lakini hawakusema ya kuwa dola 23,420 zilikuwa nyingi mno. Wala hawakusema kama yatosha baraza kupima aina nzima ya nyumba kwa pamoja, au kama kila nyumba lazima ipimwe peke yake, kiwanja kwa kiwanja, gari kwa gari. Swali hilo waliliacha wazi, wakalirudisha shauri California.

Kwa leo tunaishia hapo. Kwaherini.